Kiingereza Kinapomtafuta “Yeye”

Jioni moja ya Jumapili, vyombo vikiwa vimekwisha kuondolewa mezani na redio ikisoma taarifa ya habari, binti wa dada yangu alinijia na daftari lake la Kiingereza, naye amenuna. Yuko kidato cha pili. Zoezi lilikuwa la maswali kumi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, naye alikuwa amepata tisa. Swali alilokosa lilimtaka aseme kwa Kiingereza kwamba kila mwanafunzi sharti aje na kitabu chake. Yeye alikuwa ameandika: “Every student must bring their own book.” Mwalimu alipiga mstari mwekundu juu ya “their”, kisha akaandika pembeni: “his”.

“Mama mdogo,” aliniuliza, “shule yetu ni ya wasichana watupu. Huyo mwanamume mwenye kitabu ametoka wapi?”

Nilicheka, kisha nikamjibu kwa maneno niliyojibiwa mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake: “Ndivyo sarufi yao ilivyo, mwanangu.” Akaniangalia kwa muda, akafunga daftari, akaenda zake. Lakini jibu lile halikumridhisha yeye, wala halikuniridhisha mimi. Usiku ule nilijiuliza: hivi sarufi hiyo imetoka wapi? Nani aliiamuru? Na je, ni kweli kwamba mtoto alikosea?

Basi nilianza kutafuta. Niliyoyakuta yalinishangaza, na nadhani yatakushangaza wewe pia, hasa kama unaye mtoto nyumbani anayejifunza Kiingereza, au kama umewahi kutia sahihi karatasi iliyoandikwa kwa lugha hiyo.

YEYE NI YEYE TU

Kwanza tuanze nyumbani. Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingine za Kibantu, hakiulizi jinsia ya mtu pale kinapomtaja kwa kiwakilishi. Tunasema “amekuja”, na aliyekuja aweza kuwa babu au bibi, shemeji au wifi. Tunasema “kitabu chake”, “nilimwona”, “yeye mwenyewe”, na wala hatujamwambia msikilizaji kama tunamzungumzia mwanamume au mwanamke. Kama jambo hilo lina maana, tutalitaja. Kama halina, tutaliacha lipite.

Kiingereza hakimpi msemaji hiari hiyo. Mtu mmoja akishatajwa, mara moja lugha inadai kujua: ni “he” au ni “she”? Ndiyo sababu wengi wetu tulipokuwa tukijifunza lugha hiyo tulichekwa darasani kwa kusema “My mother, he is sick.” Haikuwa kwamba hatukujua mama ni mwanamke. Tulikuwa tumezoea lugha isiyotuuliza swali hilo kila tunapofungua kinywa.

Sasa, pale mtu anapojulikana, Kiingereza hakina taabu. Taabu huja pale mtu asipojulikana, au pale anapowakilisha watu wote: kila mwanafunzi, mgonjwa yeyote, mkulima, mpiga kura, mtu aliyesahau mwavuli wake ofisini. Huyo ataitwa nani? Kwa “he” wanawake wamefichwa. Kwa “she” wanaume watalalamika. Kwa “it” umemfanya mtu kuwa kitu. Hapo ndipo binti yetu aliponaswa, na hapo ndipo Waingereza wenyewe walipozozana kwa karne kadhaa.

NENO LENYE UMRI WA MIAKA MIA SITA

Huenda nawe ulifundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba kutumia “they” kwa mtu mmoja ni kosa la vijana wa siku hizi. Sivyo. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo hufuatilia historia ya kila neno la Kiingereza, inaonyesha mfano wa matumizi hayo kutoka mwaka 1375, katika hadithi ya kale inayomhusu mtu aitwaye William na mbwa-mwitu. Tangu hapo matumizi hayo hayakukatika. Yamo katika maandishi ya Chaucer, yamo katika tamthilia za Shakespeare, na yamo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Jane Austen, mwandishi wa riwaya aliyefariki mwaka 1817, ameyatumia mara nyingi.

Tena neno lenyewe “they” si la asili ya Kiingereza. Ni la mkopo. Lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Waingereza walilikopa kwa sababu viwakilishi vyao wenyewe vilikuwa vimeanza kufanana mno katika matamshi hata vikawachanganya. Sisi tuliokopa maneno kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza twaweza kulielewa jambo hilo bila taabu.

KANUNI ILIKOTOKA

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo, marufuku ilitoka wapi? Ilitoka kwa walimu wa sarufi wa karne ya 18. Katika zama hizo Waingereza walitaka lugha yao iwe na kanuni zilizopangwa vizuri kama za Kilatini. Miongoni mwa waliotangulia kufundisha kwamba “he” hutosha kwa watu wote alikuwa mwalimu mmoja wa mji wa Newcastle aitwaye Ann Fisher, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka katika miaka ya 1740. Naam, msomaji, alikuwa mwanamke. Kila kanuni inayowaelemea wanawake haikuandikwa na wanaume peke yao.

Baadaye, mwaka 1795, Lindley Murray, mwanasheria mzaliwa wa Marekani aliyehamia York huko Uingereza, alitoa kitabu cha sarufi kilichouzwa kwa mamilioni ya nakala. Naye alikiandika kwa ajili ya shule ya wasichana! Murray alisisitiza kwamba kiwakilishi lazima kikubaliane na nomino yake kwa jinsia na kwa idadi. “Every student” ni mmoja, kwa hiyo “they” ni kosa. Kanuni hiyo ilijali idadi, ikasahau jinsia: kwa kukataza wingi kutumika mahali pa umoja, iliruhusu mwanamume atumike mahali pa mwanamke.

Hatimaye kanuni ya darasani ikawa sheria ya nchi. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema kwamba katika sheria zote maneno ya jinsia ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu na wanawake, isipokuwa pale itakapoelezwa vingine. Kanuni ya namna hiyo iliingia pia katika sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Kwa maneno mengine, “he” ilitangazwa rasmi kuwa “yeye”.

MZIGO NDIYO, HAKI HAPANA

Hapa ndipo jambo la sarufi linapoacha kuwa la sarufi. Kama “he” kweli ni “yeye”, basi wanawake wangepaswa kupata kila kitu ambacho sheria ilimpa huyo “he”. Je, walipata?

Mwaka 1867 Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili muswada wa kupanua haki ya kupiga kura. Mbunge John Stuart Mill, mwanafalsafa mashuhuri, alipendekeza badiliko la neno moja tu: mahali palipoandikwa “man” pawekwe “person”, yaani mtu. Wabunge 73 waliunga mkono, 196 wakakataa. Neno “man” likabaki.

Basi wanawake wa Manchester wakatumia hekima. Walisema: ikiwa sheria ya mwaka 1850 inatamka kwamba neno la kiume linatuhusu na sisi, basi nasi tumo katika hilo “man”. Wanawake zaidi ya 5,000 wa mji huo wakadai waandikishwe katika orodha ya wapiga kura. Shauri likafika mahakamani, na mwezi Novemba 1868 majaji wakaamua kwamba hapana, katika jambo hili neno la kiume ni la wanaume. Iliwabidi wanawake wa Uingereza wangoje hadi mwaka 1918 ndipo baadhi yao wapige kura ya kuchagua wabunge, na mwaka 1928 ndipo wapate haki hiyo sawa na wanaume.

Huko Marekani, Susan B. Anthony alipiga kura katika mji wa Rochester mwezi Novemba 1872, akakamatwa, akashtakiwa, na mwaka uliofuata akatozwa faini ya dola 100, ambayo hakuilipa kamwe. Katika hotuba zake kabla ya kesi alitoa hoja ambayo mpaka leo haijapata jibu. Alisema kwamba sheria za kodi na za adhabu zimeandikwa kwa “he”, “his” na “him”, na bado wanawake wanatozwa kodi na kufungwa jela. Kama kiwakilishi hicho kinamhusu mwanamke wakati wa kulipa na wakati wa kuadhibiwa, kwa nini kisimhusu wakati wa kupiga kura?

Hata neno “person” lenyewe, ambalo Mill aliliona kuwa dawa, liligombewa. Mwaka 1928 Mahakama Kuu kabisa ya Kanada iliamua kwamba wanawake hawamo katika “persons” wanaoweza kuteuliwa kuwa maseneta. Wanawake watano wa jimbo la Alberta wakakata rufani hadi Baraza la Faragha la Mfalme mjini London, baraza lile lile ambalo rufani za Afrika Mashariki zilikuwa zikipelekwa wakati wa ukoloni. Tarehe 18 Oktoba 1929 baraza likatamka kwamba wanawake nao ni watu. Fikiri, ndugu msomaji: jambo hilo lilihitaji hukumu.

JIRANI YANGU NA KANUNI ZA KAZI

Usidhani kwamba mambo hayo ni ya ng’ambo tu. Katika mtaa wetu yupo mama mmoja ambaye alifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi katika ofisi ambayo sitaitaja. Kanuni za utumishi za mahali pale zilikuwa kwa Kiingereza. Zilieleza kwamba mtumishi anayekwenda likizo atalipiwa nauli yeye, mkewe na watoto wake, na mtumishi huyo kila mahali aliitwa “he”.

Mama huyu alizisoma kanuni hizo siku ya kwanza ya kazi. Akaelewa kama zilivyoandikwa: kwamba malipo hayo ni ya wanaume wenye wake. Kwa miaka saba alikwenda likizo kwao kwa nauli yake mwenyewe, na watoto wanne, bila kuuliza.

“Ningeuliza nini, dada yangu?” aliniambia siku moja tukiwa barazani kwake tunachambua mchele. “Karatasi ilikuwa wazi. Mimi sina mke.”

Siku alipothubutu kuuliza, karani alimcheka, akamwambia kwamba hiyo “he” ni ya kila mtu. Akajaza fomu. Watoto wakalipiwa, lakini mumewe hakulipiwa, kwa sababu, aliambiwa, “wife” ni mke, na mume si mke. Basi “he” ilipanuka ikamwingiza yeye, lakini “wife” haikupanuka ikamwingiza mumewe. Miaka kadhaa baadaye kanuni zilitolewa upya kwa Kiswahili, zikasema “mtumishi, mwenzi wake na watoto wao”. Mstari mmoja tu, na hakuna tena aliyehitaji kuuliza. Lakini nauli za miaka saba hazikurudi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu wapo wasemao kwamba ugomvi wa viwakilishi ni mchezo wa wasomi wasio na kazi. Jirani yangu hakuwa akicheza.

DAWA ZILIZOSHINDWA

Waingereza na Wamarekani wenyewe walikwisha kuliona tatizo hili zamani, na wengi walijaribu kulitibu kwa kuunda neno jipya. Mashuhuri kuliko yote ni neno “thon”, lililoundwa na Charles Crozat Converse wa Marekani kwa kuunganisha “that” na “one”. Jina la Converse huenda hulijui, lakini kazi yake nyingine yawezekana umeiimba: yeye ndiye aliyetunga tuni ya wimbo wa dini ambao makanisa yetu huuimba kwa jina la “Yesu Kwetu ni Rafiki”. Tuni yake ilienea duniani kote. Kiwakilishi chake kiliingia katika kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934, kisha katika toleo la mwaka 1961 kikaondolewa kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekisema.

Kuna funzo hapo. Nomino mpya huingia katika lugha kila siku, kama vile wageni wanavyoingia sebuleni. Lakini viwakilishi ni kama mafiga ya jikoni: ni vichache, vinatumika kila saa, na mwenye nyumba hakubali kwa urahisi viguswe.

Hata hivyo, si kwamba haiwezekani kabisa. Wafini wana kiwakilishi kimoja, “hän”, kwa mwanamume na mwanamke, kama sisi. Jirani zao wa Uswidi wana viwili, “han” na “hon”. Mwaka 1966 lilitolewa pendekezo kwamba Kiswidi kipate cha tatu, “hen”. Lilikaa karibu nusu karne bila kushika, kisha likaanza kutumika, na mwaka 2015 Akademia ya Uswidi ikaliingiza katika orodha yake ya maneno. Wachina nao walikwenda njia ya kinyume: katika matamshi wana “tā” moja kwa watu wote, lakini mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mvuto wa lugha za Ulaya, waandishi wao walianza kutumia herufi ya peke yake kwa maana ya mwanamke. Basi lugha hubadilika, na haibadiliki kwa kuelekea upande mmoja tu.

WENGI WAPE

Wakati wataalamu walipokuwa wakiunda maneno na walimu wakipiga mistari myekundu, watu wa kawaida waliendelea kusema kama walivyosema tangu mwaka 1375. Mwingereza akisikia mlango unagongwa humwambia mwenzake: “Someone is at the door, see what they want.” Husema hivyo bila kufikiri, na hata yule mwalimu wa sarufi husema hivyo akiwa nyumbani kwake. Wahenga wetu walinena: wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao.

Katika miaka ya 1970 wanawake wa Marekani na Uingereza walianza kuipinga waziwazi kanuni ya “he”. Mwaka 1975 mtaalamu wa lugha Ann Bodine aliandika makala akionyesha jinsi marufuku ya “they” ilivyojengwa na waandishi wa sarufi. Watafiti wengine wakapima vichwa vya watu. Mmoja wao, John Gastil, alitoa mwaka 1990 matokeo ya uchunguzi ambamo wanafunzi walisomeshwa sentensi kisha wakaulizwa ni picha gani iliyowajia akilini. Sentensi zenye “he” ziliwaletea picha za wanaume kupita kiasi, kuliko zile zenye “they”. Kwa hiyo dai kwamba “he” ni “yeye” halikusimama hata ndani ya fikira za wanaolisoma.

Wakubwa wakaanza kufuata. Mwezi Machi 2007 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba miswada yake mipya ya sheria isiandikwe tena kwa kutumia maneno ya kiume peke yake kwa maana ya watu wote. Mwaka 2017 kitabu cha mwongozo cha shirika la habari la Associated Press kilikubali “they” ya mtu mmoja pale njia nyingine inaposhindikana. Mwaka 2019 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi hufuatwa na vyuo vikuu duniani, vikiwamo vya kwetu, kikaipendekeza moja kwa moja. Mwaka huo huo kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza “they” kuwa neno la mwaka. Kamusi hiyo ilikuwa imeongeza maana nyingine pia, kwani katika nchi hizo wapo watu wasiotaka kutajwa kwa “he” wala kwa “she”, nao huomba waitwe “they”. Matumizi hayo ya pili ni mapya na yana ubishi wake huko. Lakini yale ya kwanza, ya mtu asiyejulikana au anayewakilisha wote, ni ya kale kuliko kanuni iliyoyakataza.

LAKINI WINGI SI UMOJA?

Atakuwapo msomaji atakayesema: mantiki ni mantiki, “they” ni wao, na mmoja hawezi kuwa wao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Naijibu kwa neno “you”. Zamani Kiingereza kilikuwa na “thou” kwa mtu mmoja na “you” kwa watu wengi. Kidogo kidogo “you” ya wingi ikatumika kwa mtu mmoja kwa heshima, kisha kwa kila mtu. Wapo waliokasirika. Mwaka 1660 George Fox, mwasisi wa madhehebu ya Marafiki ambayo yana waumini wengi huko magharibi mwa Kenya, alichapisha pamoja na wenzake kitabu kizima cha kukemea matumizi hayo. Leo hakuna anayelalamika. Tena angalia: tunasema “you are” hata kwa mtoto mmoja, wala hatusemi “you is”. Ndivyo ilivyo kwa “they”: husemwa “they are” hata akiwa mmoja.

Kwetu pia jambo hilo si geni. Katika baadhi ya lugha zetu za Kibantu mkwe au mzee hutajwa kwa wingi kwa sababu ya heshima, na hakuna anayedhani kwamba wakwe wamekuwa wawili.

Lakini lazima tukiri kwamba kuna gharama. “They” yaweza kuleta utata. Ukisoma kwa Kiingereza kwamba mwalimu alizungumza na wanafunzi na kwamba “they” walikasirika, hujui ni nani aliyekasirika. Mwandishi mwangalifu atairudia nomino. Hata Kiswahili chetu kina utata wake: “Juma alimwambia Asha kwamba amechelewa.” Nani amechelewa? Kiingereza kingejua mara moja. Kila lugha hulipa mahali fulani.

TUSIJISIFU MNO

Nilipofika hapa, msomaji, nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa. Kiswahili, nilijiambia, kilikwisha kumaliza kazi ambayo Waingereza bado wanahangaika nayo. Wao walilazimika kuacha “chairman” wakaunda “chairperson”, ilhali sisi tulikuwa na “mwenyekiti” tangu hapo. Tuna mwalimu, mkulima, mbunge, mwenzi. Tuna “ndugu”, neno ambalo Chama kililitumia kwa wanaume na wanawake sawasawa tangu enzi za TANU. Na Machi 2021 Tanzania ilipopata Rais wa kwanza mwanamke, hapakuwa na haja ya kubadili kiwakilishi hata kimoja: Rais ataapishwa, Rais atateua, basi.

Kisha nikafanya jaribio dogo mezani. Niliwaambia watoto waliokuwapo, wasichana wawili na wavulana watatu, wachore picha ya sentensi hii: “Daktari alimwita muuguzi, akampa karatasi.” Watoto wote watano walichora daktari mwenye suruali na muuguzi mwenye gauni. Hata yule binti wa daftari, aliyenuna kwa ajili ya “his”, alichora hivyo hivyo. Mashine za kutafsiri zimewahi kufanya jambo lile lile: ukiziandikia kwa lugha isiyo na jinsia kwamba yeye ni daktari, zilijibu “he”; kwamba yeye ni muuguzi, zikajibu “she”. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilianza kutoa majibu yote mawili kwa baadhi ya lugha, kama Kituruki.

Mashine haikubuni jambo hilo. Ililisoma kwetu sisi wanadamu. Kiwakilishi chetu hakibagui, lakini macho yetu yanabagua. Lugha yaweza kufungua mlango. Haiwezi kumsukuma mtu apite. Ikiwa wasichana wa nyumbani ndio wanaochota maji wakati kaka zao wanasoma, “yeye” haitawasaidia kitu.

TUWAFUNDISHEJE WATOTO?

Basi tufanyeje? Mzazi, mtoto wako akikuletea daftari lenye swali kama lile, mweleze mambo matatu.

La kwanza: “they” ya mtu mmoja si kosa la kijinga. Ina historia ndefu na leo inakubaliwa na miongozo mikubwa ya uandishi. Pale anapoitumia, kitenzi kibaki cha wingi.

La pili: wako walimu na wasahihishaji waliofundishwa kanuni ya zamani, nao si wabaya. Katika mtihani mtoto asitafute ugomvi, atafute njia. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuifanya sentensi nzima kuwa ya wingi: “All students must bring their own books.” Hapo hakuna kalamu nyekundu itakayopata pa kushika. Pia aweza kuandika “his or her”, ingawa ikirudiwa mara nyingi huchosha kama kokoto ndani ya kiatu.

La tatu, kwa wale wanaoandika kanuni, fomu na barua za kazi kwa Kiingereza: kabla ya kuandika “he”, mkumbukeni mama yule wa maabara. Someni sentensi yenu kana kwamba mnaisoma kwa macho yake. Na inapowezekana, andikeni kwa Kiswahili.

Nami nilimwandikia mwalimu wa binti yetu barua fupi ya heshima, nikimshukuru kwa kazi yake na kumweleza swali la mtoto. Ni mzee wa miaka mingi kazini, anayeheshimiwa. Baada ya siku tatu daftari lilirudi. Alama ilikuwa bado tisa. Lakini “his” ilikuwa imekatwa kwa wino ule ule mwekundu, na juu yake ameandika “her”, na chini yake maneno haya: “Umesema kweli. Shule hii ni ya wasichana.”

Nilimwonyesha binti nikidhani atafurahi. Alifurahi kidogo. Kisha akakunja uso, akafikiri.

“Mama mdogo,” akasema, “na siku wakiletwa wavulana, tutawaita ‘her’?”

Sikumjibu. Naliacha swali hilo mezani kwako, ndugu msomaji, ulizungumze na watoto wako jioni ya leo.